Hodi kwa Mwenyewe

Nilijifanya Mungu. Nimesema mapema ili usije ukanipenda bure halafu ujute.

Ilikuwa likizo, Alhamisi mchana, ndani ya kanisa letu hapa Kitale. Mimi ndiye kijana wa mitambo. Jumapili nakaa katika kachumba nyuma ya kwaya, naongeza sauti ya pasta na kupunguza ya wale wanaoimba kama wanafukuza ndege shambani. Alhamisi huwa hakuna mtu kanisani isipokuwa Mama wa Ufunguo, mzee wetu wa kufungua, kufunga na kupiga deki. Basi nikatangulia kuingia kupitia dirisha la nyuma, ambalo mimi peke yangu najua kwamba komeo lake lilikufa zamani. Nikawasha spika. Nikaongeza mwangwi mpaka sauti yangu, ambayo bado inavunjika kila nikisema neno refu, ikatoka kama ya mtu aliyemeza pipa. Nikategesha simu dirishani ili inase video. Nilikuwa nimeshaipa jina kichwani: Nyanya Akimbia Mbinguni.

Akaingia na ndoo yake. Akaanza kupangusa sakafu kutoka mbele, kama kawaida. Nikangoja afike katikati.

"MAMA," nikasema, na spika zote zikasema pamoja nami. "MBONA HUJAPANGUSA CHINI YA KITI CHA PASTA?"

Nilikuwa nimepanga apige nduru. Nilipanga aangushe ndoo, ateleze kidogo, si sana, halafu atoke mbio mpaka barabarani. Mama wa Ufunguo hakufanya hata kimoja. Alitia tambara ndani ya ndoo. Akajifuta mikono kwa leso. Akashika ukingo wa benchi, akapiga goti moja kwenye sakafu yenye maji, halafu la pili, polepole, maana magoti yake yana maneno mengi.

"Niko, Mwenyewe," akasema.

Kisha akangoja.

Nikuambie kitu ambacho hakuna anayekifundisha shuleni: mtu akijifanya Mungu, anahitaji kuwa na sentensi ya pili. Mimi sikuwa nayo. Nilikaa pale na maiki mkononi, nikisikia spika zikinguruma mmmmm, na mabati yakilia kwa jua.

"Kama ni leo umekuja, acha nikuulize," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, wala si ile ya sokoni. "Yule msichana wangu wa Bungoma, aliyeolewa kwa Waislamu. Alizaa. Huyo mtoto sasa anakimbia na sijawahi kumshika. Watu wanasema nikikanyaga kwa ile nyumba nimekukana wewe. Mimi nakuogopa, unajua. Niambie tu. Niende ama nisiende?"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Marafiki zangu watakuambia sijawahi kukosa jibu tangu darasa la kwanza. Ningesema "Enda," angeenda. Ningesema "Usiende," angezeeka na kufa bila kumwona mtoto wa mtoto wake, na angekufa akishukuru. Maneno yote mawili yalikuwa mdomoni mwangu, na hakuna hata moja lililokuwa langu. Kwa mara ya kwanza maishani nilihisi kwamba ndani ya lile jengo la bati na saruji hatukuwa wawili. Kulikuwa na mwingine, na mimi nilikuwa nimekalia kiti chake.

Nikazima maiki. Spika zikalia "pwa!"

Sasa acha nikuambie huyu mama ni nani, ndipo uelewe kwa nini nilitamani sakafu inimeze.

Jambo la kwanza kila mtu analolijua juu yake ni kwamba anabisha hodi. Namaanisha kanisani. Ufunguo anao yeye, umefungwa kwa kamba kwenye leso yake, lakini akifika mlangoni anasimama kwanza. "Hodi," anasema. Anangoja. Halafu ndipo anafungua. Hufanya hivyo mvua ikinyesha, hufanya hivyo akiwa na haraka, hufanya hivyo hata kama alitoka dakika iliyopita kumwaga maji. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunajificha nyuma ya ua tukimcheka. Siku moja nikamwuliza, "Mama, unabishia nani hodi na hakuna mtu?"

"Mwenyewe yuko," akasema.

"Na ukingoja, huwa anasema karibu?"

"Huwa hajasema usiingie."

Hilo ndilo jina alilompa Mungu: Mwenyewe. Kama vile ungesema mwenye shamba, mwenye duka, mwenye nyumba. Kuna kitambaa cha kupangusa meza ya Ushirika Mtakatifu, anakifua peke yake na kukianika peke yake. Siku moja nilikichukua nikapangusia kioo cha simu. Nilichapwa na tambara la deki shingoni, lile lenye maji ya kila benchi. "Hicho ni cha Mwenyewe!" Halafu akanipa maandazi mawili kwa sababu nililia, na akaniambia nisizoee.

Hilo ndilo neno lake kubwa. Usizoee. Watoto wakikimbia madhabahuni: usizoee. Kiongozi wa kwaya akitafuna chingamu: usizoee. Pasta mwenyewe siku moja alikalia ukingo wa ile meza, miguu ikining'inia, akisoma ujumbe kwa simu. Mama wa Ufunguo alipita na ufagio akasema bila kusimama, "Pasta, mpende, lakini usimzoee." Pasta akashuka haraka kama mtu aliyekalia siafu.

Ungesikia hayo tu ungedhani ni mama mwoga, wa kutembea akiinamisha kichwa. Woi! Njoo umwone sokoni Jumatano akiuza kabichi zake kutoka Kachibora.

"Mama, punguza, hii ni ndogo."

"Ni ndogo kwa sababu unaiangalia ukiwa na njaa. Peleka nyumbani, itakua."

Hapunguzi. Mgambo wa soko wakija, wengine wanafunga magunia, yeye anawauliza kama mama zao wanajua wanafanya kazi gani. Kuna mheshimiwa mmoja alikuja kanisani wakati wa kampeni, akataka kupanda mimbarini aongee. Wazee wote wa kanisa wakawa wanaangalia viatu vyao. Mama wa Ufunguo akainuka kutoka benchi la mlangoni, anapokaa siku zote, akasema kwa sauti, "Mheshimiwa, gari yako ya spika iko hapo nje. Hapa kuna mtu anaongea tayari." Mheshimiwa akacheka. Akaona hakuna anayecheka naye. Akakaa.

Na kuna wale vijana wa mtaa wa mabanda wa Kipsongo waliokuwa wanalala barazani pa kanisa mvua ikinyesha. Kamati ilikutana kwa chai na mikate, ikaamua wafukuzwe, kwamba wanachafua ukuta. Jioni hiyo hiyo akawafungulia mlango walale ndani, kwenye mkeka wa watoto wa Sandeskuli.

"Pasta akiuliza?" nikamwambia.

"Pasta ako na nyumba yake. Hii nimemwuliza Mwenyewe."

Lakini kabla hawajaingia aliwapanga mstari, na matope yao, na matambara yao, akawaambia: "Semeni hodi." Wakasema. Mmoja alikuwa mrefu kuliko mlango, ana kovu la kunitisha mimi ndotoni. Alisema hodi kwa sauti ndogo kama ya mtoto wa chekechea.

Ndiyo maana alinichanganya. Mimi nilikuwa na mafundisho yangu kuhusu kumwogopa Mungu, na nilikuwa nayafundisha bure nyuma ya madarasa. Nilikuwa nasema Mungu ni kama naibu wa mwalimu mkuu, tofauti ni kwamba kamera zake haziharibiki. Unamwogopa kwa sababu atakushika. Ukiwa na bahati, atamshika mwenzako kwanza. Nilimweleza Mama wa Ufunguo haya siku moja nikimsaidia kupanga viti, nikidhani atanichapa.

Akaniuliza, "Huyo naibu unamwogopa?"

"Sana."

"Akisafiri?"

"Akisafiri ni sherehe, Mama."

"Basi humwogopi. Unamkwepa." Akaweka kiti chini. "Mtu ukimwogopa kabisa, akisafiri unahesabu siku za yeye kurudi."

Nilicheka, maana sikuelewa. Huwa nacheka vitu nisivyovielewa. Ni njia rahisi.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba alikuwa akigombana na huyo anayemwogopa. Akipiga deki utamsikia. "Mwenyewe, mahindi imeanza kukunja majani, na uko hapo unaona. Mimi sisemi kitu. Nasema tu unaona." Ama: "Yule mama wa nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi umemwachia ugonjwa wa kutosha sasa. Mgonjwa ni mmoja, hospitali ni mbali, si utoe mkono." Halafu anasimama, anaegemea ufagio, anasema, "Lakini wewe ni wewe." Na anaendelea kufagia. Sijawahi kumsikia mtu akimwambia mwingine ukweli kwa heshima kubwa hivyo. Mimi mtu nikimwogopa, namdanganya.

Halafu kulikuwa na siku ya mvua ya mawe.

Wewe kama ni mtu wa Kitale unazijua zile mvua. Tulikuwa mazoezi ya kwaya. Mbingu ikawa nyeusi upande wa Mlima Elgon, upepo ukaja na majani ya mikalitusi, halafu mawe yakaanza kuanguka juu ya bati. Hata ukipiga kelele aliye karibu nawe hakusikii. Watoto wakaingia chini ya mabenchi. Mimi pia niliingia chini ya benchi, kuwaangalia watoto. Radi ikapiga mahali karibu sana, nikasikia meno yangu yakionja chuma.

Nilipochungulia, nikamwona Mama wa Ufunguo amefungua milango ya mbele yote miwili. Alisimama pale kizingitini, leso ikimpiga miguuni, mawe yakirukaruka mpaka kwenye viatu vyake. Uwanja wote ulikuwa mweupe. Nikatambaa mpaka karibu, nikamvuta leso.

"Mama, rudi ndani! Huogopi?"

Akainama kwenye sikio langu. Alikuwa anacheka, na mashavu yalikuwa yamelowa, na sijui kama ni mvua.

"Naogopa sana," akasema. "Ndiyo maana sitaki kukosa."

Nikabaki hapo nikimwangalia yeye, naye akiangalia mbingu. Ningekuwa na akili, ningelijua jambo siku hiyo hiyo. Lakini nilitoka pale nikawaambia wenzangu kwamba mzee amepata wazimu kidogo.

Kitu kimoja tu hakikuwa kikikaa sawa. Binti yake. Mama huyu aliyewafungulia vijana wa Kipsongo, aliyemwambia mheshimiwa akae, hakuwa amekanyaga Bungoma tangu msichana wake aolewe na mfanyabiashara wa vitambaa karibu na msikiti. Ukimtaja, anaokota kitu cha kufanya. Kabichi inahitaji kupangwa. Ndoo inahitaji maji. Wengi kanisani walimsifu kwa hilo. Walisema: ona mtu anayemwogopa Mungu kuliko damu yake.

Na sasa rudi nami kwenye kile kachumba, Alhamisi, maiki imezimwa.

Nilisikia miguu yake ikija. Haikuja haraka. Mlango ukafunguka, na nikainamisha shingo kungoja tambara.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Mama."

Alivuta sanduku la waya akakaa. Leso yake ilikuwa imelowa magotini, madoa mawili ya duara. Hayo madoa ndiyo yaliniumiza kuliko kichapo chochote.

"Mbona ulinyamaza?"

"Mama, nisamehe, ilikuwa mchezo tu, nilitaka..."

"Sijauliza mbona ulianza. Hiyo najua, wewe ni mjinga. Nimeuliza mbona ulinyamaza."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Hapana."

"Ati pasta?"

"Hapana, Mama."

"Sasa nini?"

"Sijui. Ile swali haikuwa yangu kujibu."

Akaniangalia kwa muda mrefu. Nimeshaangaliwa na walimu, na mapolisi mara moja, na mama yangu mara nyingi sana. Hakuna aliyewahi kuniangalia kama mtu aliyekuta kitu chake kilichopotea.

"Basi umeanza," akasema. "Nilidhani utazeeka kabla."

Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, kisha kicheko kikageuka kilio, na mimi nikabaki nashika waya kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kushika. Alipomaliza akajifuta uso. "Futa hiyo kitu kwa simu." Nikafuta mbele yake. Sijutii, ingawa ilikuwa video ya kwanza niliyowahi kunasa ambayo haikutikisika.

"Nilikaa hapo chini nikingoja aseme usiende," akasema. "Hata wewe uliponyamaza, na hiyo machine ikazima, niliendelea kungoja. Nikasema, huyu mjinga amenyamaza, sasa Mwenyewe atasema. Hakukataa. Hajawahi kukataa. Ni mimi nimekuwa nikiweka maneno kwa mdomo yake. Wewe umejifanya yeye dakika moja tu. Mimi nimejifanya yeye tangu huyo mtoto aolewe."

"Sasa ulikuwa unaogopa nani?"

"Watu." Alisema kama mtu anayetema mbegu. "Wanawake wa maombi ya Jumanne. Siku ile habari ilifika, mmoja alisimama katikati yetu akasema, mtoto akiolewa huko, mzazi ahesabu amezika. Wakasema amina. Na mimi nikasema amina. Kwa mtoto wangu! Tangu siku hiyo kila nikitaka kwenda, naona hiyo macho."

"Ni nani alisema?"

"Jina lake halitakusaidia." Akainuka, mkono kwenye goti. "Jumamosi vaa viatu inafaa. Wewe ndiye umesikia, wewe ndiye utanipeleka."

Nyumbani nilimwambia mama yangu naenda kumbebea Mama wa Ufunguo mzigo mpaka Bungoma. Ilikuwa kweli. Mzigo ulikuwa gunia la viazi na kuku jike mwekundu, hai, mwenye hasira.

"Si ungemchinja tu?" nilimwuliza, baada ya kuku kunidonoa mara ya tatu hivi. "Ni rahisi kubeba."

"Hao huchinja wenyewe, na hutaja jina la Mungu wakichinja. Nikimleta amekufa, watamla wakiwa na wasiwasi. Nimekuja kuwalisha, sijakuja kuwajaribu."

Huko Bungoma, duka la mkwe wake lilikuwa kando ya barabara, na nyumba nyuma yake. Tulipokaribia, Mama wa Ufunguo alianza kutembea kama mtu anayepanda mlima. Aliyemkemea mheshimiwa, aliyesimama kwenye mvua ya mawe, alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Akinifukuza," akasema, "usicheke."

"Siwezi, Mama."

"Wewe unaweza."

Mkwe wake alikuwa ndani akimpimia mteja kitambaa cha pazia. Mwanamume mrefu, mwembamba, kofia nyeupe. Aliinua macho akatuona. Akajua. Akaweka mkasi chini, akaacha kitambaa nusu kimekatwa, na bila neno akatoka kwa mlango wa pembeni.

"Haya! Na pazia yangu je?" mteja akalia.

Nikasema moyoni: ndiyo hiyo, tumefukuzwa. Nikahisi mkono ulioshika wangu unalegea.

Ndipo binti akatokea uani na ufagio. Ufagio ukaanguka. Akaweka mikono yote miwili mdomoni. Nyuma yake kasichana kadogo kakatokea, kakamwona kuku, kakapiga kelele ya furaha.

"Mama," binti akasema. "Mama. Ingia. Ingia tu."

"Mume wako ametoka," Mama wa Ufunguo akasema. Hakusogea.

"Hajaenda mbali. Tazama."

Tukageuka. Ng'ambo ya barabara, karibu na ukuta wa msikiti, yule mwanamume alikuwa amesimama ametupa mgongo, mikono imekunjwa mbele, kichwa chini. Bodaboda zilikuwa zinampigia honi apishe, na hapishi.

Hapo ikabidi nimkumbuke baba yangu. Baba ni mtu anayemtukana refa kupitia redio. Lakini akimwona nyanya yangu, mama mkwe wake, akija langoni, huchukua kikombe chake cha chai akaingia zizini kwa ng'ombe, na humo hunywea mpaka aitwe. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaogopana. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani. Nilikuwa nadhani ni vichekesho, mpaka paa la nyanya lilipong'olewa na upepo. Baba hakulala. Asubuhi alikuwa juu ya mbao na misumari mdomoni, na nyanya alipotoka kumwangalia, akageuza uso akaendelea kugonga.

"Nani amemfundisha?" Mama wa Ufunguo akauliza. "Huyu si mtu wa kwetu."

"Aliniuliza siku ya kwanza, kwenu mama mkwe anaheshimiwa vipi. Nikamwambia. Akasema siku utakayokuja, hataonekana kwa nyumba mpaka umwite." Binti alikuwa analia sasa waziwazi. "Na amekuwekea kiti."

Tukaingia. Kilikuwa sebuleni, kiti cha mbao chenye mto mwekundu, bado kimefungwa ile karatasi ya plastiki ya dukani. Plastiki ilikuwa imeanza kuwa ya njano. Kasichana kalipita mbali nacho kama kanapita karibu na jiko, kalijua hakiguswi. Nyumba haikuwa na viti vingi. Wageni wangapi walikuwa wameketi sakafuni, na hicho kiti kipo?

Mama wa Ufunguo alikaa. Plastiki ikalia. Akampakata mjukuu, akaweka pua yake kwenye nywele zake.

Kisha akaniangalia. "Enda umwambie mkwe wangu, mama anamwita."

Nikavuka barabara. Alisikia viatu vyangu lakini hakugeuka.

"Ameketi?" akauliza ukuta.

"Ameketi."

"Kwa kile kiti?"

"Kwa kile kiti."

"Alhamdulillahi," akasema, na akafuta uso kwa kiganja. Alitaka kutembea akashindwa, akacheka kwa aibu, akanishika bega. Mikono miwili ya watu wazima ilinishika siku hiyo.

Alifika mlangoni akasimama. Hakumwangalia. Alisema akiinamia sakafu, "Karibu, mama."

Naye Mama wa Ufunguo akageuza uso wake ukutani, akamkumbatia mtoto zaidi. "Nimekaribia, baba."

Hakuna aliyemtazama mwenzake, na sijawahi kuona watu wakionana vile. Mimi mwenye jibu la kila kitu nilisimama kati yao. Huyu mkwe alikuwa anaogopa, na kitu alichokuwa akikiogopa ndicho alichokitaka kuliko vyote: aingie, akae, asiondoke. Nilifikiri juu ya Mungu wangu wa kamera, na nikaona haya kwa niaba yake.

Nilimwacha hapo Bungoma. Alisema atakaa wiki, na ufunguo akanipa mimi nimpelekee pasta. Alinisindikiza mpaka barabarani akiwa na mjukuu mgongoni, leso imefungwa imara. Nikamwuliza atawaambia nini wanawake wa Jumanne akirudi.

"Nitawaambia viazi vilipendwa," akasema, akanigonga kichwani kwa kidole. "Na wewe, usimzoee Mwenyewe. Amekuvumilia mara moja."

Nilifika Kitale jioni. Mama yangu alikuwa jikoni akikaanga chapati. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani, kwa hivyo nilijua habari hii akiisikia kwa mtu mwingine nitakufa mara mbili. Nikamwambia yote: dirisha, maiki, magoti kwenye maji, kuku, kiti chenye plastiki, yule mwanamume akiongea na ukuta. Nilingoja mwiko. Chapati ilianza kuungua na Mama hakuigeuza.

"Alisema kuna mtu alisimama?" akaniuliza. "Kwa maombi ya Jumanne?"

"Ndiyo. Kwamba ahesabu amezika. Lakini jina alikataa kusema."

Mama akaondoa kikaango motoni. Akakaa kwenye kigoda, mikono yenye unga juu ya mapaja, akasema:

"Ni mimi nilisema. Kumbe miaka hii yote alikuwa ananiogopa mimi, na mimi nikidhani tunamwogopa Mungu pamoja."